Kuazima, Kukopa na Sauti ya Gitaa

Kiswahili kina maneno mawili ambayo msemaji asiye mwangalifu huyatumia kana kwamba ni neno moja: kuazima na kukopa. Aazimaye jembe hulima nalo, kisha hulirudisha lile lile, mpini wake na chuma chake. Akopaye kibaba cha unga haurudishi unga ule, maana umekwisha kuliwa. Hurudisha kibaba kingine kilicho sawa nacho. Katika kuazima kitu hubaki cha mwenyewe muda wote. Katika kukopa kitu huwa cha mkopaji tangu kilipopimwa, na kinachobaki kwa mwenyewe ni deni. Tofauti hii ni ndogo masikioni, walakini ni kubwa katika haki, na wafanyabiashara wa Ujiji waliijua vema tangu zama ambazo nguo na shanga zilikopwa Unguja na kulipwa kwa pembe za ndovu baada ya miaka.

Sasa na iulizwe: sauti ya gitaa la umeme, ile iliyojaza kumbi za dansa kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi Dar es Salaam, iliazimwa au ilikopwa?

Swali hili si la kupitishia jioni barazani tu. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba ile aliwasuta watu wake, hasa waliosoma. Wamejifunza rumba na chacha na dansa za Kizungu; wengi wajua kupiga gitaa na piano; lakini ni wangapi wawezao kucheza, au hata waliopata kusikia, Gombe Sugu au Lele Mama? Na ni wangapi wawezao kupiga ngoma? Gitaa likawekwa kando ya piano katika hesabu ya vyombo vya watu wengine. Msomaji na ajitie mahali pa kijana wa Kigoma aliyekuwa akijifunza gitaa mwaka ule. Ikiwa shutuma ile ni ya kweli, basi yeye ni mwazimaji wa maisha. Alime vizuri namna gani, jembe si lake, na siku moja atadaiwa. Hilo si jambo dogo kuambiwa mtu ambaye ndiyo kwanza amepewa bendera.

Ili kupima shutuma hiyo haina budi kuanzia kwenye chombo chenyewe. Gitaa la umeme halikuundwa ili liwe zuri. Liliundwa ili lisikike. Katika bendi za dansa za Marekani gitaa la kawaida lilimezwa na tarumbeta, na mpigaji wake alikuwa akionekana zaidi kuliko kusikika. Mmoja wa wapigaji hao, George Beauchamp wa Los Angeles, aliyepiga kwa namna ya visiwa vya Hawaii, ndiye aliyetengeneza mwaka 1931, pamoja na Adolph Rickenbacker, gitaa la umeme lililokuja kuuzwa mwaka uliofuata. Umbo lake la alumini lilifanana mno na kikaango, hata watu wakaliita hivyo. Hati ya uvumbuzi ilitolewa mwaka 1937. Siri yake ni nyepesi: sumaku huzungushiwa uzi mwembamba wa shaba mara maelfu, uzi wa chuma wa gitaa ukitikisika juu ya sumaku ile huamsha mkondo hafifu wa umeme ndani ya shaba, mkondo huo hupelekwa kwenye mashine ya kukuza, na kutoka hapo kwenye spika. Kazi iliyokuwa ya sanduku la ubao ikapewa sumaku. Jambo hili likumbukwe, kwa sababu litarudi mwishoni.

Baada ya Beauchamp akaja Leo Fender. Huyu alikuwa fundi wa redio, mwenye duka Fullerton, California, tangu mwaka 1938, naye hakujua kupiga gitaa. Aliunda magitaa kama aundavyo mtu viatu vya miguu asiyokuwa nayo: akiwapa wapigaji, akiwasikiliza, akarekebisha. Mwaka 1950 alitoa gitaa la ubao mtupu usio na uvungu ambalo baadaye liliitwa Telecaster, na mwaka 1954 akatoa Stratocaster, gitaa ambalo umbo lake limenakiliwa pengine kuliko lingine lolote duniani.

Hapa pana kisa kinachostahili kukaliwa. Stratocaster ilikuwa na sumaku tatu, na swichi ya kuchagua moja kati ya hizo: ya mbele, ya kati, au ya nyuma. Fender alikusudia sauti tatu, basi. Lakini wapigaji waligundua kwamba swichi ile yaweza kuzuiwa kwa uangalifu ikakaa kati kwa kati, isifike huku wala kule. Ikikaa hivyo, sumaku mbili husema kwa pamoja, na sauti inayotoka si ya moja wala ya nyingine: ni nyembamba, yenye uwazi ndani, kama ya mtu anayezungumza kupitia mtungi. Wako waliotia kijiti cha kiberiti ili swichi isichupe. Sauti hiyo iliyopatikana kwa kuikwamisha swichi ikawa ndiyo sauti ambayo watu wengi huitambua gitaa hilo kwayo. Mwaka 1977 kiwanda kikakubali, kikaanza kuyatoa magitaa yake na swichi ya nafasi tano.

Sauti ile ni ya nani? Fender hakuikusudia. Kiwanda chenyewe kilikwisha kuuzwa kwa kampuni ya CBS mwaka 1965, na ni wazi kwamba katika hesabu ya mali iliyouzwa siku ile sauti hiyo haikuhesabiwa, maana kiwanda kilikuwa bado hakijaikiri. Atokee mtu aseme kwamba johari iliyookotwa shambani mwa mwingine ni ya mwenye shamba. Hoja hii ni nzuri lakini ina pengo. Johari ilikuwako ardhini kabla ya kuokotwa. Sauti haikuwako popote mpaka kidole kilipoizuia swichi na kidole kingine kugusa uzi. Aliyeikuta ndiye aliyeihitaji, na kuihitaji ilikuwa nusu ya kuiunda. Basi jembe la muundaji ni mbao na sumaku. Anayelinunua amelilipia, deni limekwisha. Sauti ni jambo jingine.

Ikiwa hivyo ndivyo katika nchi ya kilipoundwa chombo, sembuse katika nchi zilizokipokea? Huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, gitaa la umeme lilifika mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazi, hutajwa kuwa ndiye aliyelileta mwaka 1953 alipokuja kuanzisha studio ya kurekodi. Lilikuta mji uliokwisha kulewa muziki wa Cuba. Tangu mwaka 1933 santuri za Kicuba zilizokuwa na alama ya GV zilikuwa zikiuzwa Afrika, na Wakongo walizisikiliza kama mtu amsikilizavyo ndugu aliyerudi na lafudhi ya ugenini. Kwa haki, kwani sehemu ya midundo ile ilivuka bahari pamoja na watu waliotekwa katika nchi za Kongo. François Luambo Makiadi, aitwaye Franco, aliyezaliwa mwaka 1938, mwana wa mama aliyeuza maandazi sokoni, yasimuliwa kwamba gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa bati na nyaya za umeme. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz. Nicolas Kasanda, aitwaye Dokta Nico, alipiga katika African Jazz ya Joseph Kabasele, na miaka ya sitini akaligeukia pia gitaa la Hawaii, ukoo ule ule wa kikaango cha Beauchamp, akalilaza na kulifanya lilie kwa namna ambayo hakuna Mhawaii angeiita yake.

Na Wakongo nao walikuwa na swichi yao. Kati ya gitaa la kuongoza na gitaa la kuandamia waliweka la tatu, wakaliita mi-composé. Huuondoa uzi wa nne, ulio mnene, na mahali pake hutia uzi mwembamba uliokazwa juu zaidi kwa oktava moja nzima. Badiliko hilo dogo, ambalo kiwanda chochote kingelihesabu kuwa kosa la fundi, ndilo lililoleta ule mmetameto wa nyuzi zinazojibizana ambao msikilizaji wa Afrika Mashariki huutambua kabla mwimbaji hajafumbua kinywa.

Lakini Léopoldville ni mbali na Kigoma kuliko Dar es Salaam ilivyo mbali, na nyimbo zake zilikuwa za Kilingala. Kwa nini sauti ile ilipofika mwambao wa ziwa ilipokewa kama mtu wa nyumbani? Jibu haliko katika gitaa. Liko katika lugha, na lugha ilitoka Ujiji.

Karne ya kumi na tisa misafara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji, ya akina Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ilikipeleka Kiswahili Manyema hata Kasongo na mbele zaidi. Haifai kuficha kwamba kilikwenda na bunduki na minyororo. Kilipofika kilibaki, hata waliokileta walipoondolewa. Kikawa lugha ya masoko na, baadaye, ya migodi ya shaba ya Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana aitwaye Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Gitaa lake halikuwa na umeme. Kwa kidole gumba na kidole cha shahada alipiga sauti mbili zilizofukuzana, na aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Wimbo wake Masanga ukatoka katika santuri, na wapigaji wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakakaa mbele ya gramafoni wakijaribu kuvifuata vidole vile. Vijana wengi walioshika gitaa la umeme miaka ya sitini mkono wao ulikwisha kufundishwa na gitaa hili lisilo na umeme.

Basi neno lililovuka ziwa kwenda magharibi katika msafara lilirudi mashariki katika wimbo. Wataalamu wa Kiswahili sanifu wamezoea kukicheka Kingwana, wakihesabu ngeli zilizopotea njiani kama mhasibu ahesabuye senti. Kicheko hicho kina ubahili ndani yake. Ujiji ilitoa lugha, ikarudishiwa lugha pamoja na muziki. Hakuna mkopeshaji aliyepata kulipwa vizuri kuliko hapo, ijapokuwa kibaba kilichorudi hakikuwa cha unga ule ule.

Kigoma yenyewe ni mahali palipoumbwa kwa mambo ya namna hii. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1914, na mwaka uliofuata ng'ambo ya pili ikafika reli ya Wabelgiji, Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Kati ya reli na reli ni maji na vyombo vya majini. Meli kubwa kupita zote ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa tena Kigoma, ikapigana vita, mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha baada ya kuipaka mitambo yake grisi, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba, ikabeba dagaa, mananasi na mahujaji wa harusi na misiba kwa miongo mingi, mambo ambayo hayakuwamo katika michoro ya Papenburg. Aprili 1965 alipita Kigoma hata Che Guevara na Wacuba wenzake, wengi wao weusi, wakivuka kwa mashua kwenda vitani Kongo. Wajukuu wa waliotekwa Afrika walikuwa wakiingia Kongo kwa mlango wa mashariki miaka thelathini na zaidi baada ya santuri zao kuingia kwa mlango wa magharibi. Vita ile walishindwa. Santuri hazikushindwa.

Mwenye shaka na ajaribu kulihesabu soko la Ujiji. Mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi. Leo mawese ndiyo sifa ya Kigoma nchini kote. Maembe asili yake ni Asia, na miembe ya Ujiji husemwa kuwa kumbukumbu ya misafara. Hakuna mama anayeuza mawese aliyewahi kuambiwa kwamba anauza kitu cha kuazima. Mbegu haiazimwi wala haikopwi. Ikisha ota, mti hula udongo wa hapo, na ladha ya tunda hubadilika. Kiswahili chakosa kitenzi kimoja cha upokeaji wa jinsi hii, na huenda ndiyo sababu mabishano juu ya utamaduni huzunguka bila kufika: watu wana maneno mawili, jambo lenyewe ni la tatu.

Kijana yule wa Kigoma aliyesutwa mwaka 1962 alikuwa na la kujibu, na miaka iliyofuata alilijibu kwa vitendo. Katika miaka ya sitini mji ulikuwa na bendi iliyobeba jina la maji yake, Lake Tanganyika Jazz. Kutoka humo alitoka Shem Karenga, ambaye baadaye alifuata reli hadi Tabora, akaimba na kupiga katika Tabora Jazz na kutunga Muna, wimbo ambao wazee wa leo huumaliza wakianzishiwa. Bendi za Tanzania zilijitenga na za Kongo kwa mitindo, na majina ya mitindo hiyo yafaa kuangaliwa. Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikajulikana kwa Msondo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ikajiita Sikinde. Msondo na Sikinde ni ngoma za Uzaramo. Majina ambayo msomi alidhaniwa kuyasahau yalipandishwa jukwaani na gitaa lile lile lililoshitakiwa kuyasahaulisha.

Je, Mwalimu alikosea? Akisomwa kwa haki, alichokilaumu hakikuwa gitaa, kilikuwa aibu. Alimlenga mtu anayeikimbia ngoma kwa sababu amefundishwa kuidharau. Mtu wa namna hiyo yuko, na hata angepiga marimba angebaki na ugonjwa wake. Ila mpigaji wa Kigoma hakuikimbia ngoma. Aliipenda sauti mpya, na kupenda si kudharau. Tofauti hii haionekani katika chombo. Huonekana katika kile anachokirudia mtu anapokuwa peke yake na hakuna wa kumsifu. Kwa jicho hilo yaweza kutazamwa pia sera ya utamaduni halisi ya Zaire: kuanzia mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilibadili jina la nchi, la mto na ya watu, ikapiga vita suti na tai, gitaa la umeme halikuguswa. Wala hakuna aliyeona ajabu.

Hadi hapa hoja imekwenda upande wa gitaa, na ingeweza kuachwa hapo kama haki ingekuwa ni kutetea tu. Lakini deni lipo, ila mdai ni mwingine. Si Fender, aliyelipwa. Si Cuba, iliyopewa kabla ya kutoa. Mdai wa kwanza ni mkono uliofundisha bila malipo. Kwa desturi ya enzi ile wapigaji wengi wa Kongo na Afrika Mashariki walipewa fedha kidogo mara moja kwa kila wimbo waliorekodi, na santuri ikaendelea kuuzwa bila wao. Waliomwiga Mwenda hawakumwibia, maana kuiga mkono ni heshima. Aliyeuza bila kugawana ndiye aliyekopa na kukana.

Mdai wa pili hutajwa mara chache zaidi. Gitaa la umeme lilizaliwa kwa sababu gitaa la kale lilimezwa na tarumbeta. Nalo lilipopata nguvu likameza wengine. Katika arusi ambayo zamani ilihitaji wapiga ngoma sita na waimbaji ishirini, vijana watano na spika mbili wakatosha. Mpiga ngoma aliyekaa miaka kumi kwa mwalimu wake hakushindwa kwa ustadi. Alishindwa kwa wingi wa sauti, na wingi ule haukutoka mkononi mwa mtu bali ukutani, kwenye tundu la umeme. Sauti iliyokuzwa ina wajibu ambao sauti ya kawaida haina, kama alivyo na wajibu mtu aliyepewa kipaza sauti mkutanini: si kwamba hana haki ya kusema, bali kila asemapo wengine hawasikiki hata wakisema. Kuuita mtindo Sikinde ni kukiri deni hilo. Kukiri na kulipa ni mambo mawili, na watoto wa mpiga ngoma wa Uzaramo hawakuulizwa.

Wapo watakaojibu kwamba bendi hazikuiacha ngoma, kwani tumba ziko jukwaani, nyuma ya magitaa. Kweli ziko, nyuma. Kwa miaka mingi Kigoma ilipata umeme wa mitambo ya dizeli, na mitambo hiyo haikuwa na adabu ya kungoja wimbo ukome. Umeme ukikatika katikati ya dansa, gitaa la ubao mtupu, lililokwisha kuikabidhi kazi yake kwa sumaku, hunyamaza papo hapo. Mpigaji aweza kuendelea kugusa nyuzi na asisikike hata na aliye jirani yake. Waimbaji huongeza pumzi. Mpiga tumba hushtuka kidogo, hutazama gizani kulia na kushoto, kisha huendelea, na wachezaji nao huendelea.